Seva Zilizosingiziwa Uvivu

Jumatatu, 9 Septemba

Leo vita vimetangazwa, ingawa aliyevitangaza ni mimi peke yangu.

Meneja Ouyang ametuita wote wa kitengo cha mitambo. Sikukuu ya Mwezi imekaribia. Kisiwa kizima kitaingia kwenye duka letu la mtandaoni kununua keki, na yeye hajui kama seva zetu zitahimili. Hifadhidata ya kupangia uwezo wa seva ipo tangu mwaka mpya, tupu kama sufuria ya jana. Anataka takwimu za utendaji wa kila seva ziingizwe humo, tujue ipi imelemewa na ipi inapumzika. Atakayeiweza kazi hii ndiye atakayeongoza mipango. Yaani cheo.

Hsueh Kai-ling akasema ni kazi ya wiki nzima, kwa sababu kila kundi la seva huandika vipimo vyake kwa namna yake. Huyu ni Kai-ling niliyesoma naye chuoni Hsinchu. Tangu siku hizo hana haraka na hakosei. Kasoro mbili kubwa kwa mtu mmoja.

Nikasimama. Nikasema mimi, Tu Po-yen, nitamaliza kesho jioni. Kai-ling akanitazama kama mtu anavyomtazama nzi anayeuelekea mchuzi.

Jumanne, 10 Septemba

Hifadhidata ina kiburi. Imezikataa seva za zamani kwa sababu zinahesabu miaka tangu Jamhuri yetu ilipoundwa na kuandika huu ni mwaka wa 113. Ikadhani ni rekodi za enzi ya wafalme wa Han. Nikaifuta miaka yote nikaandika 2024. Mtu mwingine angeitisha kikao.

Baada ya chakula, takwimu zikaanza kumiminika. Na hapo nikaona kashfa. Seva za zamani, maskini, zina mzigo wa 65, 70, hata 78. Zile mpya, ambazo Kai-ling mwenyewe alizichagua mwaka jana, zinaonyesha 0.8 na 0.9. Hazifiki hata asilimia moja! Tunalisha wavivu umeme na ubaridi usiku na mchana.

Kai-ling alipita na kikombe chake cha chai, akachungulia juu ya bega langu. Akaniuliza kama nimejua hiyo nukta tisa ni tisa ya nini. Nikamjibu ni ya aibu. Akasema, "Yen, nenda chumba cha mitambo uziguse. Unaweza kukaanga yai juu yake." Nikamwambia wivu nao huchemka hivyo hivyo.

Sikwenda kuzigusa. Mtu wa takwimu hapapasi.

Jumatano, 11 Septemba

Ushindi. Nimewasilisha mbele ya Meneja Ouyang kwa michoro ya rangi. Nimependekeza tuzime robo tatu ya seva mpya na kuwaachia kazi wazee wanaojituma. Meneja akafurahi, maana makao makuu yanamsumbua kila mwezi kuhusu umeme.

Kai-ling akapinga. "Meneja, ukizizima hizo, umelizima duka." Nikasema kwa upole kwamba Dada Ling ana haki ya kuwatetea watoto wake, lakini takwimu hazina mama. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaomba iandikwe na kupigwa muhuri kwamba alikataa. Meneja akapiga muhuri, na seva zikazimwa kabla ya chai ya jioni.

Nikampigia Shangazi A-Hsia kule Changhua. Ndiye aliyenilea baba alipokuwa baharini, na keki zake za kiini cha yai la bata hazina mfano. Kila mwaka huziuza nusu sokoni na nusu kwetu. Nikamwambia mwaka huu aachane na soko, mzigo wote auweke dukani kwetu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina hifadhidata.

Alhamisi, 12 Septemba

Mauzo yamefunguliwa saa sita mchana. Saa sita na dakika chache duka limekufa.

Ukurasa mweupe. Simu zote za huduma kwa wateja zikalia pamoja. Wale wazee wangu wanaojituma walifika asilimia mia wakaanguka mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaogombea ngazi. Meneja Ouyang alitoka ofisini mbio.

Mimi sikutetereka. Nilikwenda chumba cha mitambo nikaikuta sababu. Pakiti ya bisi za nazi iliyowekwa juu ya kabati la seva, ile ya kijani ambayo mafundi wa huku huiweka kama hirizi ili mashine zitulie, imepitwa na muda tangu Agosti. Seva gani itatulia na bisi zilizooza? Nikaipeleka kwa Meneja kama ushahidi. Akaiweka kando, akamwita Kai-ling.

Kai-ling aliwasha seva mpya moja moja, akikagua kila moja kabla ya kuiachia wateja. Duka lilirudi karibu na jioni. Wateja hawakurudi nalo. Walishanunua kwingine.

Shangazi amepiga simu. Hakulalamika. Aliuliza tu kama ile hifadhidata bado ninayo.

Ijumaa, 13 Septemba

Kikao. Kai-ling ameeleza ubaoni, taratibu, kama anafundisha chekechea. Seva za zamani hupima mzigo kwa mia. Seva mpya hupima kwa moja. Kwa hiyo 0.9 ni sehemu tisa kati ya kumi. Zile nilizoziita vivu ndizo zilizokuwa zimelibeba duka mgongoni.

Nikauliza ni nani aliyeziruhusu seva kuandika kwa mafumbo. Kai-ling akafuta ubao. Hilo nimelihesabu kuwa ushindi wa hoja.

Mchana Shangazi A-Hsia amefika Taipei kwa treni na maboksi ya keki, mengi kuliko mikono yake, hadi mhudumu wa kituo akamsaidia. Keki hizi hazisubiri mtu. Sikukuu ikipita ni chakula cha kuku. Alisimama mapokezi na viatu vyake vya jikoni, unga bado kwenye nyusi. Nilitaka kumweleza kuhusu bisi, nikaishia kumpokea maboksi.

Kai-ling ndiye aliyemkaribisha kiti. Alionja keki moja, akala ya pili. Kisha akaziweka keki za Shangazi juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa duka na kuwaandikia wateja waliokwama jana. Hadi tunafunga, nusu na zaidi zilikuwa zimepata wenyewe. Zilizobaki Shangazi atazigawa hekaluni.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono. "Yen, mwanangu, nakupenda. Usinisaidie tena."

Ni wazi hataki kunichosha.

Jumanne, 17 Septemba

Sikukuu ya Mwezi. Tumechoma nyama juu ya paa na majirani. Mke wangu ameweka keki za Shangazi katikati ya meza, na kila mgeni aliposifu alinigeukia mimi. Nilikula nne.

Nimelala nikifikiri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la nukta. Na nukta inatibika.

Jumatano, 18 Septemba

Kai-ling amepewa uongozi wa mipango. Mimi nimekabidhiwa ukaguzi wa tarehe za bisi juu ya makabati yote. Meneja alidhani ananiadhibu. Hakujua kazi hii inanipa ufunguo wa chumba cha mitambo, na nywila yangu ya hifadhidata hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Asubuhi hii, wenzangu wakiwa kwenye kifungua kinywa, nimelimaliza tatizo milele. Kama vipimo vilikuwa vidogo mno, dawa ni kuvikuza. Nimezidisha kila namba kwa mia. Zote, za zamani na mpya, bila upendeleo. Hifadhidata imezipokea bila kunung'unika, tofauti na wiki iliyopita.

Na matokeo ni ya kutisha. Seva za zamani zina mzigo wa asilimia elfu saba! Watu wamekaa juu ya volkano wanakunywa maziwa ya soya. Nimewaandikia makao makuu moja kwa moja, nikimruka Meneja, kwamba tunahitaji jengo jipya la seva kabla ya mwisho wa mwezi.

Kai-ling ananipigia simu. Amepiga tena. Sipokei. Akitaka kujifunza, aje mwenyewe, na aje kwa adabu.