Bastola Chini ya Karai

Katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, Karen ilipata heshima ambayo hakuna kitongoji kingine cha Nairobi kilichokuwa kimeipata: iliundiwa Kamati ya Malezi Bora ya Bastola. Tangazo lilisomwa chini ya bendera, tarumbeta ikalia, na mwenyekiti, Mzungu mwembamba ambaye watumishi walimwita Bwana Miwani, akatamka kwamba tangu siku hiyo hakuna bastola ya Karen itakayopotea tena. Zile zilizokwisha kupotea zilisamehewa.

Mpishi wa Bwana Miwani alikuwa mzee Hezekiah Were, mtu wa upande wa Kisumu, mwenye mvi za heshima na sauti ya besi iliyotegemewa kanisani. Kwa kuwa ndiye aliyemimina chai kamati ilipokaa, alizijua sheria kabla wino wake haujakauka. Wapishi wa majirani walimwita Katibu, naye hakuwakataza.

"Leo mmeamua nini, Katibu?" walimwuliza penye ua wa michongoma.

"Tumeamua bastola ikae upande wa kulia wa uma," Hezekiah alijibu. "Kushoto ni kwa mkate."

"Na Bwana akiwa anaoga?"

"Kwenye kisahani cha sabuni. Sabuni itatafutiwa mahali pengine."

"Na kanisani?"

"Juu ya kitabu cha nyimbo, mdomo ukielekea mlangoni. Kasisi aliomba hivyo."

Hezekiah hakucheka, wala hakuona cha kuchekesha. Kwake yeye amri ilikuwa amri, na nyumba isiyo na amri ni banda. Kilichomkosesha raha kilikuwa nyuma ya jiko, katika chumba alichoishi na mkewe Peres, aliyekuwa dobi wa nyumba hiyo, pamoja na mjukuu wao Phoebe. Mama yake Phoebe, Caren, alifanya kazi mjini katika hospitali na kulala bweni ambalo halikuruhusu watoto. Memsahib, kabla hajaenda zake Uingereza kungoja nchi ipoe, alikuwa amekubali mtoto akae kwa babu yake kwa sharti moja, kwamba asionekane.

Basi Phoebe alijifunza kuona bila kuonekana, na alichokiona kutwa kucha kilikuwa bastola. Bwana alimwagilia waridi bastola ikiwa kiunoni. Wageni walikuja kunywa chai, kila mmoja akaitua yake mezani kama mtu anayetua kofia. Watoto wengine wa rika lake walipika matope kwenye vifuu, lakini Phoebe alichukua mwiko wa bibi yake, akajibanza nyuma ya stoo, akaamuru, "Mikono juu." Kuku walikwisha kuzoea. Peres hakuzoea, hasa alipoamriwa hivyo akiwa na debe la maji kichwani.

"Baba Caren, zungumza na Bwana," Peres alimwambia mumewe asubuhi moja akikamua mashati. "Jana mtoto ameniomba chumvi. Unajua alivyoomba? 'Leta chumvi au nafyatua.'"

"Nikamwambie nini Bwana? Kwamba kuna mtu anamwiga? Kuigwa si matusi."

"Basi zungumza na mtoto."

Hezekiah alimwita Phoebe, akamweleza kwa upole kwamba mambo ya bunduki ni ya watu wakubwa.

"Wewe ni mkubwa, babu?"

"Mimi ni mkubwa."

"Yako iko wapi?"

Hezekiah akaenda kumenya viazi.

Ikafika siku ya Bwana Miwani kwenda mjini kuhutubia ukumbini. Kulikuwa na jambo la kujivunia. Tangu kamati ipitishe kwamba mwenye kupoteza bastola atanyang'anywa leseni na jina lake kutangazwa hadharani, hakuna mtu hata mmoja aliyeripoti kupoteza. Bwana alioga mbiombio, akavaa, akafunga mkanda na mkoba wake wa bastola, gari likatimua vumbi. Peres alikusanya kwa mkupuo nguo chafu na taulo zilizotupwa bafuni juu ya kisahani cha sabuni, akazitua uani karibu na bomba, akaingia stoo kutafuta sabuni. Hezekiah alikuwa ameinama hatua chache kutoka hapo, akimnyonyoa kuku wa chakula cha jioni cha Bwana, aliposikia sauti mgongoni.

"Mikono juu, babu."

"Mmoja huu hapa," Hezekiah alisema bila kugeuka. "Mwingine una kuku."

"Yote."

Kulikuwa na kitu katika sauti hiyo, uzito kidogo, kama wa mtoto aliyebeba mtungi. Hezekiah akageuka. Phoebe alikuwa amesimama kati ya mashati ya Bwana, ameshika kwa mikono yake miwili bastola ambayo haikuwa mwiko.

Mzee aliinua mikono yote, kuku akiwa juu angani. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la Caren, na maneno ambayo baba angeweza kumwambia Caren siku kama hiyo, akaona kwamba hakuna. Kamati ilikuwa imezungumza habari ya uma, sabuni na kitabu cha nyimbo. Hili haikulizungumza. Peres alitokeza na kipande cha sabuni mkononi, akasimama.

"Phoebe," Hezekiah alisema polepole. "Hiyo ni nzito, sivyo?"

"Ni nzito."

"Mikono imechoka?"

"Kidogo."

"Basi ilaze kwenye nyasi, mdomo uangalie waridi. Halafu uje unisaidie kushika kuku. Kuku naye ni mzito, lakini ana nyama."

Phoebe alifikiri. "Bawa nitapewa mimi?"

"Mabawa yote mawili."

Mtoto akainama, akailaza bastola pale nyasini kwa uangalifu kama alivyokuwa ameona wageni wakiilaza mezani. Peres akaruka, akaifunika kwa karai na kuketi juu yake. Akamvuta mjukuu wake na kumkumbatia hata mtoto akalalamika kwamba anaumia. Hezekiah naye akakaa chini, kuku bado mkononi.

Kisha Peres akauliza, "Sasa, Katibu, sheria inasema nini?"

Hezekiah akakohoa. "Mwafrika akishika bastola, ni kortini." Wote wawili walijua kwamba siku hizo njia iliyotoka korti hiyo ilikuwa moja tu, nayo ilikwisha kwenye kamba. "Na Mwafrika akiona bastola iliyoachwa, asipoipeleka ofisini kwa mkono wake, ni korti hiyo hiyo."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Mkono upi, na wa kushika tumekatazwa?"

"Swali hilo halikuletwa mbele ya kamati," Hezekiah alisema.

"Basi mimi siondoki hapa. Nenda kapige simu. Sema ukweli wote, ila huu wa mtoto."

Simu ya Bwana ilikuwa sebuleni. Hezekiah alifuta miguu, akazungusha simu, akaomba ofisi ya kamati mjini. Aliyejibu alikuwa karani Taib, kijana wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kisafi hata Hezekiah akajikuta akifuta na mikono pia.

"Ofisi ya Kamati. Shikamoo mzee wangu, nikusaidie nini?"

"Marahaba. Kuna kitu iko hapa chini ya karai."

"Kitu gani hicho?"

"Ile inakaa kulia ya uma."

Taib alishusha sauti. "Ameigusa nani?"

Hezekiah alichungulia dirishani. Peres alikuwa juu ya karai, amenyoosha mgongo kama malkia. "Ilitoka kwa nguo peke yake."

"Alhamdulillahi. Na iendelee kuwa hivyo. Usiiguse, usiiache, usiisogeze. Mwenyewe ni nani?"

"Mwenyekiti."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikianguka.

"Mzee wangu," Taib alisema, "waifahamu amri ya kuripoti?"

"Naijua. Siku inapitishwa mimi ndio nilimwaga chai. Karani atamwambia ofisa wa polisi aliye karibu, papo hapo, kwa sauti, akiwa amesimama, na jina la mwenyewe atalitaja."

"Ndiyo hiyo. Na ofisa aliye karibu nami yuko ukumbini, kiti cha mbele, amsikiliza Mwenyekiti." Taib akashusha pumzi. "Mimi ni mtu wa kutumwa tu. Ngoja nitafute kofia yangu."

Yaliyotokea ukumbini Hezekiah aliyasikia baadaye kutoka kwa Taib mwenyewe, aliyeletwa Karen kama shahidi akapewa kigoda na kikombe cha chai ya rangi. Bwana Miwani alikuwa jukwaani, amefika pale hotuba yake iliposema kwamba mtu mwangalifu na bastola yake ni kama mtu na kivuli chake. Taib alisimama mlangoni akaripoti kwa sauti, kama amri ilivyotaka. Ukumbi ukageuka. Bwana hakukasirika, alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Bastola yangu ninayo," alisema. Akaupigapiga mkoba, akaufungua, na ili asiwepo wa kushuku akachomoa kilichokuwa ndani na kukiinua juu watu wote waone. Ilikuwa brashi ya kusugulia mgongo. Ilikuwa bado inachuruzika maji.

"Alikaa ameiinua hivyo kwa muda," Taib alisema. "Nadhani alikuwa angojea igeuke."

Inspekta wa polisi, kijana mwenye nywele nyekundu, aliandamana nao hadi Karen. Peres aliinuka kwenye karai kwa taratibu ya mtu anayeacha kiti chake kwa hiari. Inspekta akafunua, akaiokota bastola, akaifungua. Risasi zilidondoka kiganjani mwake moja baada ya nyingine, na kila moja Hezekiah aliihesabu.

"Nani nashika hii bunduki?" Inspekta aliuliza.

"Hapana mtu, Bwana," Hezekiah alisema.

Inspekta alitazama huku na huku. Phoebe, kwa kutii agizo la Memsahib, hakuonekana.

"Hezekiah," Bwana Miwani alisema kwa huzuni, "wewe nasema kwa ofisi mimi nasahau bunduki?"

"Hapana, Bwana. Mimi nasema iko chini ya karai."

Inspekta akatoa kijitabu cha sheria za kamati, akasoma, na Taib akafasiri kwa faida ya watumishi. Leseni inachukuliwa. Zaidi ya hayo, katika nyumba ambayo mwenyewe hana silaha, mtumishi yeyote haruhusiwi kukanyaga ndani, asije akatiwa majaribuni.

"Hata mpishi?" Bwana aliuliza.

"Mpishi ametajwa wa kwanza," Inspekta alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kamati ikae iamue."

"Kamati haikai bila mwenyekiti."

"Na mwenyekiti lazima awe na silaha," Inspekta alisema, akafunga kijitabu.

Bwana Miwani alikuwa amezisikiliza sentensi zake zikisomwa na mtu mwingine, akaona kwamba zimeandikwa vizuri. Hazikuwa na tundu popote. Aliingia nyumbani mwake peke yake, akajifungia.

Alasiri hiyo Hezekiah hakuwa na kazi. Lilikuwa jambo geni, naye alilizunguka kama mtu aliyevaa koti la mwingine. Kuku aliyenyonyolewa hakuweza kuingizwa jikoni kwa Bwana bila kuvunja sheria, kwa hiyo Peres alimpika uani kwa kuni, na kwa mara ya kwanza tangu waje Karen waliandaa chakula chao wenyewe jua likiwa bado juu. Kutoka dirisha la jiko kubwa ulitoka moshi wa mayai yanayoungua.

"Mwiko wangu uko wapi?" Peres aliuliza. Hezekiah akashtuka, akaenda kumtafuta mjukuu wake.

Alimkuta nyuma ya stoo. Hakuwa amejibanza. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko umelazwa chini, na mbele yake kuku waliosalia wakidonoadonoa.

"Unacheza nini, mama?"

"Kamati."

Moyo wa Hezekiah ulipata mzigo mpya kabla haujautua ule wa zamani. "Na kamati imeamua nini?"

"Tumekataza bastola. Ya Bwana, ya wageni, zote. Kuku wamekubali."

Hezekiah alitaka kumwambia kwamba mambo mazito kama hayo hayaamuliwi na kuku. Kisha akaikumbuka ile kamati nyingine, ambayo aliimiminia chai kikao baada ya kikao. Aliuokota mwiko, na mkono wake ukatulia kidogo juu ya kichwa cha mtoto.

Nyasi zikachakacha. Bwana Miwani alikuwa anakuja kutoka upande wa nyumba, mkono mmoja umefungwa leso palipoungua, mwingine umeshika sahani ya kaure isiyo na kitu. Alisimama penye mpaka wa chumba cha watumishi, mahali ambapo hakuwa amefika hata siku moja.

"Hezekiah," alisema, "ile kuku iko?"

Kabla babu hajafungua kinywa, Phoebe aliinua mkono.

"Ngoja. Kamati inakaa."

Bwana Miwani alimtazama mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Akawatazama na wajumbe. Kisha akaishika sahani yake vizuri, akasogea nyuma ya kuku wa mwisho, akangoja. Alikuwa mtu wa kuheshimu kamati.