Kofia ya Baocheng na Kichwa cha Samaki

Jumatano, 6 Novemba

Nimekasirika. Naandika kwa sababu Shulan, mke wangu, amesema nikimsimulia tena habari za Sui Baocheng, mshindani wangu tangu ujana, atahamia kwa dada yake.

Mambo ni haya. Rafiki yetu Tong Dehai anamwoza binti yake, Yue, mwezi ujao. Siku ya harusi lazima mtu mzima mwenye heshima asimame jukwaani, asome cheti cha ndoa na kuwaasa maharusi mbele ya meza arobaini. Miaka thelathini nimefanya kazi na Dehai kwenye karakana ya matrekta. Nani mwingine asimame? Na leo Baocheng ananiambia bila haya, huku akitema maganda ya mbegu za alizeti, kwamba yeye ndiye mwenye sauti. Eti mimi nikihutubia nafoka. Nilimfokea kwamba sifoki.

Alhamisi, 7 Novemba

Dehai amepiga simu. Anataka tule sisi watatu, Jumamosi mchana, kwenye ule mkahawa mpya palipokuwa na hamamu. Ana habari ya kutupa, na la msemaji wa harusi litakwisha hapohapo. Nikamwahi: mwenyeji ni mimi. Akacheka, akasema haya.

Mwenyeji ndiye anayeagiza samaki. Hapo ndipo nitakapommaliza Baocheng. Kwetu samaki huletwa mzima, na anayeelekewa na kichwa hunywa glasi tatu za pombe ya mtama kabla mtu hajagusa vijiti. Kukataa ni aibu. Kugeuza sahani ni aibu zaidi. Na Baocheng glasi mbili tu hulia. Mara ya mwisho alimlilia mbwa aliyekufa miaka ishirini iliyopita. Dehai amwone akilia na kamasi, halafu ampe jukwaa? Thubutu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda mkahawani kukagua. Mhudumu ni mama mmoja mnene, Bi Qiu, mwenye macho ya askari wa forodha. Nikampa peari tatu zilizogandishwa kwenye baraza yangu, nikamweleza: kesho samaki amwelekee mwanamume mwenye kofia ya manyoya ya fisi maji. Baocheng haivui kofia hiyo hata akiwa mezani. Harbin nzima inaijua.

Bi Qiu akazitazama peari. Akasema, "Kaka, samaki hana neno, ataangalia unakotaka. Lakini ndiyo hizi tatu tu?"

Nimeongeza mbili. Roho imeniuma. Jikoni nilisikia harufu ya nyanya, nikadhani ni supu.

Jumamosi, 9 Novemba

Sina hamu. Naandika kwa hasira, na kidogo kwa pombe.

Mwenyeji hukaa akitazama mlango. Kila mteja alipoingia, upepo ulinipiga utosini, pale nywele ziliponiaga zamani. Nikapiga chafya mara tatu. Baocheng, mtu ambaye hajawahi kunitendea wema tangu tuwe vijana, akavua kofia yake akanivika.

"Vaa, bwana, usije ukatufia kabla ya samaki."

Nikaivua. Akanivika tena. Dehai akasema, "Fulin, acha ubishi, mwenzio anakujali." Na mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Qiu akatutazama mmoja mmoja, akaiona kofia, akaweka sahani. Kambare mapezi, mdomo wazi, akinitumbulia macho mimi. Kisha Bi Qiu akanikonyeza, kama mtu aliyefanya kazi safi.

Glasi tatu. Tumbo tupu. Baocheng ndiye aliyemimina.

Ningevumilia. Lakini ikaja nyama ya nguruwe ya kukaangwa mara mbili. Chakula hicho ni cha mji wetu! Inatakiwa iwe ya rangi ya dhahabu, na mvuke wa siki ukuchome pua mpaka ukohoe. Hii ilikuwa nyekundu. Sosi ya nyanya, ile watoto wanayopaka kwenye viazi. Damu ikanichemka. Nikasimama, kofia kichwani, nikamwita mpishi atoke. Nikamuuliza mbele ya watu wote kama mama yake anajua anachokifanya. Nikasema mtu anayetia nyanya kwenye nyama hii hafai kuaminiwa kisu, sembuse mke.

Akatoka kijana mrefu, aproni safi, masikio mekundu. Akasema kwa upole, "Samahani, mjomba. Kwetu Shenyang ndivyo tunavyopika."

Dehai akaweka vijiti chini. Akasema huyu anaitwa Luan. Ndiye mkwe wake. Mkahawa ni wake yeye na Yue, na hiyo ndiyo ilikuwa habari.

Kisha Baocheng, mnafiki mkubwa, akajitwalia vipande vinne, akasema ni vitamu. Wala hakulia.

Jumapili, 10 Novemba

Kichwa kinagonga. Nimekwenda kumdai Bi Qiu peari zangu. Ameshakula zote. Akasema, "Uliniambia kofia. Mimi nikatazama kofia." Mwanamke hana akili hata kidogo.

Jumatatu, 11 Novemba

Dehai amekuja na mtungi wa kabichi chachu. Hakuvua viatu, hakukaa. Amesema Baocheng ndiye atakayesimama. Luan hana kinyongo, niende tu harusini, nitakaa meza ya pili.

Kisha akatoa mfukoni karatasi nyekundu, ratiba ya harusi. Imeshapigwa chapa tangu Oktoba. Kwenye mstari wa nne, kwa herufi za dhahabu: Msemaji, Guan Fulin.

"Nilitaka kukupa Jumamosi," akasema, "baada ya samaki."

Akaondoka. Nimekaa na karatasi hiyo mapajani muda mrefu. Imeniuma, na siwezi kuficha. Shulan alinitilia chai.

Lakini nimefikiri vizuri. Kosa si langu. Kosa ni la kofia. Na kofia ninayo mimi, simrudishii. Harusini watapika walewale, na meza kuu ataihudumia Bi Qiu. Nimempigia simu. Samaki aletwe kabla ya hotuba, na safari hii kichwa kimwelekee mwanamume asiye na kofia. Ametaka peari ishirini. Nimekubali.

Baocheng akianza kulia, mtu itabidi asimame badala yake. Tangu saa nane mchana nafanya mazoezi ya hotuba. Shulan amekwenda kwa dada yake. Anasema nafoka.