Kuhusu Mume Mliyenirudishia

Lukuli, Makindye,
Kampala.
Ijumaa, Agosti 2012.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Ulinzi ya Jicho Kali,
Kampala.

Mheshimiwa Bwana Asuman,

KUH: MALALAMIKO JUU YA MUME ALIYEKUJA NYUMBANI AKIWA MTU MWINGINE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako, kama bado mnaonana. Mimi ni Nasike, mke wa msimamizi wako wa walinzi, Oyat. Hapa Lukuli wananiita Mama Travis. Ni Mkenya wa Bungoma, nashona sare za shule kule Mengo, na kwa muda wote ambao mume wangu ameitumikia kampuni yako sijawahi kukusumbua hata kwa salamu. Leo nalazimika.

Kwanza nikukumbushe yaliyotokea, maana najua una walinzi wengi na huwezi kumkumbuka kila anayeanguka. Ingawa mume wangu hakuanguka. Yeye alisimama.

Asubuhi ile alikwenda kukagua zamu kwenye ghala moja upande wa Port Bell. Walinzi wakapanga mstari. Akafungua mdomo kuita majina, sauti haikutoka. Mlinzi wake mmoja, Ogwal, ndiye aliyemleta nyumbani, na alinieleza hivi: "Mama, afande alisimama mbele yetu akanyamaza. Sisi tukatoa kofia, tukajua anaombea mtu amekufa." Wakakaa hivyo, kofia mikononi, mpaka jua likawa kali, ndipo Ogwal akamshika mkono na kumketisha kwenye kreti ya soda.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi wa pale, Sista Santa, alimpima malaria, akampima presha na kumpa vidonge vyake, halafu akaweka vyombo vyake chini akamuuliza analala vipi. Baba Travis, sauti imeanza kumrudia, akasema analala vizuri sana, huku redio ya kazi ikimwita kiunoni. Akamuuliza anapenda kula nini. Akanigeukia mimi nimjibie. Nami sikujua.

Sista Santa akaandika kwamba mtu huyu amemalizwa na kazi. Akaniambia kwa upole, "Nnyabo, hii si ugonjwa ya sindano. Apumzike, alale, aongee na watu yake, na hiyo redio ikae mbali." Wewe, kwa ukarimu wako ambao sitausahau, ukampa likizo ya mwezi mzima, na kabla jua halijatua ukampigia simu kumuuliza funguo za stoo ya buti ziko wapi.

Sasa naja kwenye malalamiko yenyewe.

1. Usingizi. Kwa miaka mingi mume wangu alikuwa mtu wa kuja nyumbani kubadilisha shati. Kitanda kilikuwa changu peke yangu, nimekizoea, nalala ninavyotaka. Mara mkanirudishia mwanamume mzima, akajitupa katikati ya kitanda hicho, akalala kama gunia. Alilala usiku, akalala mchana, akaamka kunywa uji na kulala tena. Jirani yetu, mama mmoja anayeitwa Bibi, alipoona gari la kampuni haliji tena na mapazia hayafunguliwi, alikuja na mkungu wa matoke na kitenge kimefungwa kiunoni, tayari kwa matanga. Nilipomwambia kwamba Baba Travis amelala tu, alikasirika, akasema mtu mzima hawezi kulala hivyo bila kufa. Matoke hakuyachukua tena. Hilo tu ndilo lililotufaa.

2. Redio yenu. Sista alisema ikae mbali, nami nikaifukia ndani ya gunia la maharage. Ikaendelea kuita humo humo, "Kontroo, kontroo, afande Oyat, jibu," mpaka binti yetu Abalo akakataa kula maharage. Ilipoishiwa na chaji, Baba Travis alizunguka nyumba nzima akifunua masufuria kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Nilimhurumia. Lakini siku iliyofuata kanisani, watu walipomaliza sala ya Baba Yetu, alisema amina kama Wakristo wengine. Hapo zamani yeye alikuwa akisema "ova", kama redioni, na padri wetu alikuwa ameshazoea kumsubiri. Sasa padri amebaki anasubiri bure.

3. Maongezi. Bwana Meneja, ndoa yetu ilikuwa na utaratibu mzuri. Yeye aliuliza, "Chakula iko?" Mimi nikajibu, "Kipo." Basi. Hatukugombana, maana hakukuwa na nafasi ya kugombania. Sasa mtu huyu anaongea. Anataka kujua nilikutana na nani mjini, mapazia haya nilinunua lini, na kwa nini hakuulizwa. Jumapili moja alimwita Travis, akamketisha karibu naye, akamuuliza kama mwalimu wake wa darasa la tano anamfundisha vizuri. Travis yuko sekondari, mwaka wa pili. Mtoto akamjibu kwa heshima, kama anavyojibu wageni: "Ananifundisha vizuri, asante." Baba yake akatazama ile sare ya sekondari iliyoanikwa kwenye kamba, ambayo niliishona mimi mwenyewe, akaitazama muda mrefu. Jioni hiyo hakuna aliyekula vizuri. Tangu hapo wanatoka pamoja kila siku, wanapanda mpaka juu ya kilima, wanarudi na vumbi. Viatu vya shule vimeisha soli. Sijui kama kampuni ina fungu la viatu.

4. Mapishi. Huyu mliyenirudishia ameingia jikoni. Anapika malakwang, ile mboga chachu ya kwao kaskazini, na siagi ya karanga, na anatumia sufuria zangu zote kwa mboga moja. Kisha anakaa chini anakula polepole akifumba macho. Miaka yote nilimpa maharage, aliyala akiwa wima, kofia kichwani, akaondoka. Nami nikadhani mimi ni mpishi hodari. Wiki iliyopita alionja maharage yangu akaniambia, kwa upendo kabisa, kwamba hayana chumvi na hayajawahi kuwa nayo.

5. Hili naliandika kwa kifupi. Jumamosi moja tulikuwa uani tunaanika nguo, yeye upande huu wa shuka, mimi upande ule. Nikaona shuka linatetemeka na upepo haukuwepo. Nilipolishusha nikakuta analia. Mimi mume wangu sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake kule Gulu. Kwa mazoea akasema, "Mimi iko sawa, mama." Nikaendelea kushika shuka, sikujua niliweke wapi. Ndipo akasema, "Hapana. Mimi haiko sawa. Siku mingi mimi haiko sawa." Akakaa kwenye jiwe la kufulia. Nami nikakaa. Nguo zililala kwenye beseni siku hiyo zikanuka, ikabidi zifuliwe upya. Mngenitahadharisha mapema, Bwana Meneja, kwamba ndani ya yunifomu yenu kulikuwa na mtu, ningejipanga.

6. Biashara yangu. Baada ya kilio kile alipata nafuu kupita kiasi. Akaanza kunifuata Mengo. Anakaa kwenye benchi mlangoni anasalimia wateja kwa Kiganda chake cha kambini, anawauliza habari za watoto. Hiyo ningeivumilia. Lakini sasa ananichukulia mkasi mkononi. Anazima cherehani nikiwa katikati ya mshono. Mwalimu mkuu wa shule moja alikuja kufuata sare zake za muhula, na huyu mume akamwambia mbele yangu, "Mwalimu, mama amechoka. Kuja siku ingine." Yule mwalimu akanitazama usoni, akasema pole, akaondoka. Nilimaka. Mimi si mtu wa kuchoka. Nina kazi ya watu, ada ya watoto, na kwa miaka yote hiyo nyumba ilisimama kwa sababu palikuwa na mtu mmoja asiyechoka. Kama wote wawili tungekuwa watu wa kuchoka tungekuwa wapi leo? Nilimweleza hivyo. Akaniambia nikae chini ninywe chai. Chai, saa za kazi.

Namba saba nilitaka kuandika juu ya mikoromo, lakini naiacha.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa Jumatano. Ulimtuma dereva kusema kwamba likizo imetosha, Jumatatu gari litamfuata alfajiri, na kwa kuwa kampuni inamthamini, ataongezewa walinzi wote wa barabara ya Entebbe. Baba Travis alikuwa amekaa na Abalo wanachambua mboga. Alisimama, akabana visigino, akamwambia dereva, "Ndiyo, afande," na yule ni dereva tu. Kisha akaingia chumbani, akavaa buti, akakaa kitandani. Nilimfuata kumuuliza kama atakula. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Nilipomwona hivyo, Bwana Meneja, nilielewa kwamba kampuni yako ina nguvu kuliko kliniki. Agizo la Sista Santa lilichukua wiki kadhaa kumleta mtu huyu hadi kwenye chumvi. Wewe umemrudisha kwenye kreti ya soda kwa sentensi moja. Hongera.

Ndiyo maana naunga mkono mpango wako na kuomba mmchukue Jumatatu bila kukosa. Nawaomba tu mniletee yule wa kwanza, niliyemzoea: asiye na ulimi, asiye na machozi, asiyejua mwanawe yuko darasa gani. Msimpe barabara ya Entebbe peke yake. Mpeni na ya Jinja, na ya Masaka, na kama kuna walinzi ziwani mpeni pia. Mkiona amebakiwa na pumzi ya kusalimia mtu, jueni hamjampa kazi ya kutosha.

Na kwa kuwa atakuwa wenu moja kwa moja, naomba tufanye mambo kwa heshima. Mwanamke hawezi kuchukuliwa mume kienyeji tu kwa simu na dereva. Mje mfanye kwanjula, ile sherehe ya posa ya Waganda, kama watu. Wewe uvae kanzu na koti, wakuu wa idara wafuate na vikapu, mtafute msemaji mwenye sauti, mwende mpaka Gulu kwa mama mkwe wangu, mpige magoti kwenye mkeka, mseme wazi: sisi Jicho Kali tumempenda kijana wenu, tunamwomba. Mama mkwe atawauliza mtamtunza vipi. Mtakuwa na safari nzima ya kutafuta jibu. Akikubali, mimi sitakuwa na neno. Nitawakabidhi mashati yake, dawa zake za presha, na maelekezo ya namna ya kumtuliza anapostuka usingizini, maana kwa sasa ni mimi tu ninayeyajua.

Naamini ombi langu litatazamwa kwa haraka ile ile mnayotumia kumpigia mtu simu akiwa kanisani.

Nisalimie wote ofisini: watu wa kontroo, ambao sauti zao nazijua kuliko za ndugu zangu, dereva, mpishi wa kambini, wale mbwa wawili wa zamu. Ogwal msalimie kipekee, umwambie nyumbani kwetu mlango uko wazi na malakwang ipo.

Ni mimi, nikiwa na heshima zote zilizonibakia,

Nasike (Mama Travis)

N.B. Bwana Meneja, nilimaliza barua hii Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda Mengo, nikainama niandike anwani kwenye bahasha. Nilipoinua kichwa nilikuwa na alama ya meza shavuni, shuka begani, na watoto wamesharudi kutoka shule. Baba Travis alikuwa amevua buti, amepata sauti yake, na amekwenda Mengo mwenyewe kuwaambia wateja kwamba duka limefungwa. Nilisimama nimgombeze, na nilikuwa na maneno ya kutosha, lakini mwayo ulinitangulia. Akanishika, akasema, "Nasike, kwenda kulala." Jina langu hajaliita tangu Travis azaliwe. Nikaenda. Leo ni Jumapili, nimeamka, nimekula alichopika, na narudi kulala tena. Bibi amekuja na mkungu mwingine. Kwa hiyo tafadhali msilete gari kesho. Mume wangu hatakuja, ana zamu ya kunilinda mimi hapa nyumbani. Ya likizo iliyobaki na ya barabara ya Entebbe atakuandikia mwenyewe. Nimemsikia akitafuta kalamu. Yote niliyoomba hapo juu nayafuta, na barua naituma leo kwa mkono, hivi hivi, kwa sababu sina nguvu ya kuandika nyingine.