Soksi Zangu na Mbu wa Chaani

Jumatatu, 12 Mei 2025

Bila mimi utafiti wa mbu katika nchi hii ungekwama. Leo sayansi imeingia Chaani, na imeanzia nyumbani kwa dada yangu, nikaapo mimi. Wako watakaosema ni kwa sababu mpwa wangu Nadira ndiye mfanyakazi wa utafiti wenyewe. Waseme watakavyo.

Jioni kwa Hashim muuza kahawa. Nimeketi kwenye kiti changu, kile cha pekee chenye mikono. Wengine kwenye mabenchi. Mwenye kiti ndiye msemaji, ndiyo kawaida ya baraza letu, na miaka yote msemaji ni Mwidani. Yaani mimi. Nikawaeleza kwamba mbu haniumi. Damu ya kwetu chungu. Mwaka wa mafuriko mbu mmoja alinigusa mkono, akadondoka, akafa. Nikamzika.

Chrispine, yule mtu wa bara afanyaye kazi ya winchi bandarini, akaweka kikombe chini.

"Mzee Mwidani, mtu asiyeumwa na mbu hajipigi mapaja hivyo. Ukikaa hapo tunadhani kuna ngoma."

Wakacheka wote. Hashim naye, tena akamwaga kahawa.

Nadira alikuwa akipita. Akanipa shikamoo, nikaitika, nikamwambia aeleze kipimo chake mbele ya watu hawa. Akasema wakazi watavaa soksi za nailoni kutwa na kucha, kisha soksi zitatiwa kwenye sanduku la kioo lenye mbu waliofugwa maabara, wasio na ugonjwa. Mbu wenyewe watachagua waendako. Akaendelea na habari za mitego, lakini hapo sikusikiliza, nilikuwa natafuta neno la kumkomesha Chrispine. Likapita azimio: kati yangu na yeye, ambaye soksi zake zitasuswa na mbu ndiye mwenye kiti.

Nimekubali kwa sauti kubwa. Labda kubwa mno.

Jumanne, 13 Mei

Soksi za nailoni kwa joto la Chaani! Miguu yapumua kama samaki nchi kavu.

Masharti: hakuna sabuni ya manukato, hakuna udi, hakuna mafuta. Nikaona kuwa hayo ni masharti ya watu wa kawaida. Nikaponda majani ya mwarobaini, nikajipaka hadi magotini. Nadira akaja kukagua, akanusa mara moja tu, akanipa soksi mpya na beseni la maji. Nikamwambia ni jasho la ukoo. Akasema ukoo huo ni wake pia na yeye hatoki jasho la kijani.

Alasiri nikalala kidogo. Nimeamka na vipele kuanzia vifundo vya miguu hadi mapajani. Mbu wamepita juu ya nailoni kama hawaioni. Dada akauliza kama nimelala upupuni.

Itabidi nitumie akili.

Jumatano, 14 Mei

Nimetumia akili.

Asubuhi soksi zote za mtaa zilikuwa kwenye mifuko, zimetundikwa misumarini ukumbini kwetu, zikingoja gari. Kila mfuko na uzi wake. Wangu mwekundu, wa Chrispine wa buluu. Nadira akaingia jikoni kunywa chai. Nikafungua uzi, nikafunga uzi. Huu si udanganyifu. Mimi nimegusa nyuzi tu, soksi sikuzigusa.

Gari likaondoka. Nikala mahamri manne na mbaazi.

Ijumaa, 16 Mei

Ushindi!

Baada ya swala Nadira alikuja barazani na majibu. Uzi mwekundu: mbu hawakuusogelea. Wengine hata waligeuza njia. Nikasimama. Nikatoa hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye kisa cha babu yangu na nyoka wa Shimba nilipogundua kuwa hakuna anisikilizaye.

Wote walikuwa wamemzunguka Chrispine. Kumbe Nadira ana furaha ya uzi wa buluu. Anasema mbu walijazana upande ule hadi kioo kikawa cheusi, na kwamba harufu hiyo ndiyo wanayoitafuta siku nyingi. Wataitia kwenye mitego, mitego itundikwe penye mapipa ya maji ya kila nyumba, maana mbu wa homa ya dengi hapendi mtaro mchafu, apenda maji safi yetu tunayoweka akiba. Mbu atakwenda mtegoni badala ya kwa mtoto. Hayo yote, anasema, alikwisha yaeleza Jumatatu.

Basi Chrispine amepewa fulana. Amepigwa picha. Mama mmoja ambaye nyumba yake nzima iliugua dengi mwaka jana amemshika mkono na kumwombea dua. Yeye mwenyewe ameduwaa. Anasema tangu aje Mombasa hajawahi hata kujikuna.

Mimi nimeketi kwenye kiti. Kina mikono miwili. Ni kiti kizuri.

Jumatatu, 19 Mei

Mambo si mambo. Chrispine alitakiwa avae soksi nyingine ili kuhakikisha. Amevaa. Mbu hawakuja hata mmoja.

Nadira amerudi kutoka kazini, hakula. Nikamuuliza. Akasema wakubwa wake wameona kipimo cha Chaani hakiaminiki, leo hivi kesho vile. Watapima mara moja tena. Majibu yasipolingana, mitego itapelekwa Bombolulu, na sisi mvua hii tutabaki na mapipa yetu na mbu wetu. Naye kazi aliyoiomba miaka miwili itakuwa imeishia hapo.

Mwaka jana huyu mtoto Nadira naye aliugua dengi. Alilia mifupa. Mimi ndimi niliyembeba hadi hospitali ya Port Reitz. (Dada anasema tulikwenda kwa tuktuk. Lakini ni mimi niliyembeba hadi kwenye tuktuk.)

Ningeweza kusema ukweli. Nimelifikiria jambo hilo kwa dhati, vikombe vitatu vya kahawa. Nimeona kuna njia yenye busara zaidi.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwendea Chrispine kwake na pakiti chini ya kanzu. Nikamwambia utafiti una siri kubwa ambazo mtu wa winchi hawezi kuzielewa, ila akitaka kuisaidia Chaani, Nadira akija kuchukua soksi, ampe hizi. Nimekwisha zivaa.

Akazitazama soksi. Akanitazama miguu. Akaanza kucheka polepole, kisha akaketi chini sakafuni.

"Kwa hivyo ile dua niliyoombewa," akasema, "ilikuwa ya miguu yako?"

Nikamwambia asikuze mambo. Nikamuuliza ataka nini ili anyamaze. Nilijua atataka kiti.

"Kiti kaa nacho, mzee. Mimi nitakuwa nakaa benchi la karibu yako. Sasa nimejua mbona pale kwa Hashim siumwi."

Kijana mwerevu kidogo. Nimemfundisha mengi.

Alhamisi, 22 Mei

Mbu wamejazana! Kioo cheusi tena! Mpango wangu umefaulu hatua kwa hatua.

Saa ya chai Nadira akaja kuketi nami barazani kwa dada. Hakuwa na furaha niliyoitarajia. Akazitoa zile soksi mfukoni mwake, akazinyoosha juu ya goti.

"Mjomba, Bwana Chrispine avaa kiatu kama mtumbwi. Hizi zingempasukia."

Nikasema nailoni hunywea ikipata joto. Akaendelea kunyoosha tu. Akasema hawezi kupeleka kwa wakubwa kitu anachojua si kweli, mbu hata wakijaa namna gani. Mwenye miguu akijitaja, kazi itaendelea na mitego itabaki Chaani. Asipojitaja, atazitupa soksi, na atawaambia yeye mwenyewe kwamba ameshindwa. Na alilotangaza barazani kwa Hashim, atalirekebisha huko huko.

Nikamwambia nitalifikiria. Akasema gari linangoja.

Nikaiangalia njia ya kwenda kwa Hashim. Kiti changu chaonekana kutoka hapa. Kilikuwa kitupu, hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Ni zangu," nikasema.

Akanibusu mkono, akaondoka mbio. Sikupata hata nafasi ya kueleza.

Jumamosi, 31 Mei

Mitego imetundikwa. Kila penye pipa, soksi zangu nilizozivaa wiki nzima. Mtaa mzima! Ni mtu gani mwingine Mombasa ametundikwa hivi?

Nadira alisema yote mbele ya baraza, kwa adabu, akiniita mshiriki muhimu. Walicheka hadi muadhini akachungulia. Nikawafafanulia kwamba ule ulikuwa uchunguzi wangu wa siri wa kupima umakini wa wataalamu, na kwamba sikuwahi kusema mbu hawanipendi. Nilisema wananiheshimu. Hashim akauliza habari za yule niliyemzika. Nikamwambia alikufa kwa mapenzi.

Kiti amepewa Chrispine. Baraza halikubadili azimio. Sasa kila jioni ni winchi, winchi, winchi. Kontena lililoning'inia. Kontena lililoanguka. Watu wanasikiliza! Mama wa dua amenishukuru mimi safari hii, na nyumba yake mpaka leo hakuna mwenye homa, lakini kushukuriwa ukiwa benchini si sawa.

Nimekwisha pata dawa. Nina jozi moja iliyobaki, nimeivaa tangu jana. Kesho kabla watu hawajafika, soksi ya mguu mmoja naipachika chini ya kiti cha Chrispine, pale pa msumari. Mbu watafanya iliyobaki. Atakihama kiti mwenyewe, nami nitakikalia kwa huruma. Mpango huu hauna kasoro.

Jambo dogo, na nitaliandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Mchana huu mbu wa kwetu wameupita mtego uliopo pipani, wakaniingilia chumbani moja kwa moja. Naandika nikiwa kitandani, chini ya neti ya mjukuu wa dada, ile ya vipepeo vya waridi. Ni fupi. Miguu imebaki nje.