Chaja Inayosali

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba ya Shangazi Fa'apisa inavuja, lazima ahame. Katulea mimi na binamu Peniamina, hivyo atakaa kwa mmoja wetu. Lazima iwe kwangu! Peniamina ana nyumba ya matofali, friji na mke. Mimi nina chaja ya simu.

Jumanne, 4 Machi
Baragumu likalia, kijiji kizima kimya kwa sala ya jioni. Nikasikia: nziii. Chaja! Mchana kutwa haisemi, wakati wa sala inaimba. Nimemkimbilia Shangazi kumwambia nyumba yangu ina baraka, hata chaja inasali. Lo, mwanangu Sefo, kasema, nitakuja nisikie. Mimi ni kiboko!

Jumatano, 5 Machi
Kaja. Na Peniamina pia, bila kualikwa! Baada ya sala Shangazi akasema chaja inaimba vizuri sana. Peniamina, fundi umeme, akaangua kicheko. Ati umeme ukipita, nyaya zilizosokotwa ndani zinatetemeka, ndio mlio wenyewe. Uko kila nyumba, ila makelele ya mchana yanaufunika. We Sefo, chaja ina dini gani? Nikamwambia ana kijicho.

Alhamisi, 6 Machi
Mnafiki! Leo kamwita Shangazi asikie friji yake ikisali kwa sauti nzito. Jana chaja haina dini, leo friji shemasi.
Nimeazima chaja tatu. Kwaya!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Katikati ya sala kwaya ilivuma, nikapiga kelele kwa furaha. Vijana wanaolinda ukimya barabarani wakachungulia: mzee, umevunja sala! Machifu wanadai faini ya nguruwe. Sina hata kuku. Shangazi kamtoa nguruwe wake, hakunigombeza. Nililia kidogo, nampenda sana.

Jumamosi, 8 Machi
Kahamia kwangu! Peniamina mwenyewe kabeba mikeka, kanuna, halafu kabaki kula majimbi.
Shangazi kanishika shavu, kasema masikio yake ya kizee hayajawahi kusikia hiyo nziii hata mara moja. Peniamina ana mke wa kumwangalia. Mimi, mtu wa kupigia chaja kelele, aniachie nani?
Maskini, anaona haya kukiri. Ni chaja iliyomleta, tena hakuisikia kwa sababu ni ndogo. Kesho naazima ile kubwa, ya betri ya lori.