Sura Niliyoituma Ikiwa Tupu

Jumatatu, 4 Machi
Sura ya tatu ya tasnifu inatakiwa leo jioni. Nimeandika kichwa tu. Kizuri, lakini kiko peke yake. Profesa anayenisimamia alishasema nikichelewa tena ananiondoa chuoni. Bwana Mapema, tunayesoma naye, alituma yake wiki iliyopita, akahakikisha nimesikia. Basi! Nimekaa kwenye kompyuta ya dirishani, maabara ya chuo. Nikafungua faili jipya, sikuandika hata nukta, nikalipa jina “Sura ya Tatu”, nikaliambatisha kwenye barua pepe nikatuma. Profesa atalalamika halifunguki. Nami nitashangaa sana, nitaulaumu mfumo wa chuo. Kila mtu anaulaumu. Nitakuwa nimejipatia wiki nzima!

Jumanne, 5 Machi
Profesa amejibu. Ameisoma yote. Ameipenda, hasa ukurasa wa kumi na mbili. Ukurasa upi?! Nadhani kafungua ya Bwana Mapema akidhani ni yangu. Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Nikamjibu Profesa kwamba ukurasa huo ulinitoa jasho.

Jumatano, 6 Machi
Nimekifungua kile kiambatisho kwenye barua zilizotumwa. Kimejaa maandishi. Mtindo ni wangu, hata lile “hivyo basi” langu la kila aya. Tasnifu yangu inahusu tabia za wasomaji wa maktaba. Ukurasa wa kumi na mbili unatoa mfano: msomaji mmoja amekaa dirishani, shati halina kifungo cha pili, anasoma ukurasa huu huu mdomo wazi.
Nikafunga mdomo.
Nikamwita fundi wa kompyuta. Akatazama, akasema faili ni tupu. Nikamwonyesha mistari kwa kidole. “Kaka, hapa hamna kitu,” akasema, akakifuta kioo kwa kitambaa, nadhani kunifurahisha tu. Maneno yalikuwa yakipita chini ya kitambaa chake.
Mwenye akili timamu angekimbia. Lakini sura ni sura! Nikatuma ya nne, tupu vilevile.

Ijumaa, 8 Machi
Ya nne imepita! Profesa amenisifu mbele ya wenzangu wote. Bwana Mapema uso umemshuka. Raha iliyoje! Ila baadaye akanifuata, akauliza kwa nini jana nilimpita kwenye korido bila kuitikia salamu. Jana sikutoka kitandani. Akashikilia kwamba ni mimi, nimenyooka, shati lina vifungo vyote. Nikamwambia akapimwe macho.
Jioni dada yangu, ninayekaa kwake, akakataa kunipakulia. Eti nimeshakula, na kwa mara ya kwanza maishani nimeosha sahani yangu mwenyewe. Alikuwa karibu kulia kwa furaha. Nikaenda jikoni kuiangalia ile sahani. Ilikuwa bado inachuruzika maji.

Jumatatu, 11 Machi
Profesa anataka nifike ofisini kwake leo nizitetee sura zangu. Sijui hata zinasema nini! Nikaja maabara, nikamwandikia kwamba naumwa sana, cheti cha daktari nimekiambatisha. Kitupu, bila shaka. Jibu likaja hapo hapo: “Mbona unaniandikia na wewe umekaa mbele yangu? Acha utani, unajibu vizuri.”
Nikapanda ngazi mbio. Mlango wa ofisi una kioo. Nikaona kisogo changu. Profesa anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaandika. Kile kisogo kikageuka taratibu. Akanitazama, si kwa ubaya. Kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akaendelea kujibu maswali. Na alikuwa anakohoa, maskini. Cheti nacho kilikuwa kimefanya kazi yake.

Jumanne, 12 Machi
Jana nilirudi nyumbani nimechelewa. Dada akafungua mlango kidogo tu, mnyororo ukiwa umefungwa.
“Karibu, ndugu yangu. Unamtafuta nani?”
Nikamwambia ni mimi, dada, mdogo wako. Akasema mdogo wake amelala, amechoka na masomo, anaumwa kifua, tafadhali nipunguze sauti. Aliniita “ndugu yangu” kwa upole ule anaouweka kwa wageni. Huko ndani nikasikia kikohozi changu. Akafunga mlango polepole, asimwamshe.
Sikulala. Nilikaa kwenye ngazi nikimsikiliza akikoroma. Anakoroma vizuri kuliko mimi.
Lakini sikati tamaa! Leo nimemwandikia Profesa barua kali: yule si mimi, mimi ndiye mimi, na ushahidi wote umo kwenye kiambatisho. Ushahidi kwa sasa sina. Nikafungua faili jipya, nikaliita “Mimi Halisi”, nikalituma hivyo hivyo. Huyo mpya ataenda kumtoa yule. Wakianza kugombana wao kwa wao, mimi nitapenya katikati.
Mlango wa maabara umefunguliwa. Mwenye hatua zangu anakuja. Haraka sana safari hii! Mfumo wa chuo siku hizi unafanya kazi.