Mpinzani Wangu Ana Miaka Minne

Jumamosi, 2 Machi

Nimefukuzwa kwenye kochi langu mwenyewe. Aliyenifukuza ni mwanangu wa miaka minne, ambaye nyumbani tunamwita Jenerali. Nilikuwa nimekaa na mke wangu, nimechoka na kutwa nzima ya kuuza samani dukani. Jenerali akaja na kijiko mkononi, akajipenyeza katikati yetu, akanisukuma kwa miguu yote miwili. Akatangaza kwamba mama ni wake, na akikua atamwoa. Mimi nitafute mama mwingine.

Mke wangu alicheka mpaka machozi. Sikuona cha kuchekesha.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anasomea saikolojia chuoni na yuko kwetu kwa likizo. Aliweka kikombe chake chini akasema jambo hili ni la kawaida, limo vitabuni. Nikamuuliza vitabu vinasemaje kuhusu kumrudisha baba kochini.

Jumapili, 3 Machi

Shemeji kanisomesha asubuhi yote huku tukimenya viazi. Sijapata kusikia kitu kizuri namna hii.

Anasema kuna wachambuzi wa nafsi waliofundisha kwamba ndani ya kila mtu wamo watatu. Wa kwanza anataka, na anataka sasa hivi. Haelewi "kesho", haelewi "si chako". Huyo tunazaliwa naye. Wa pili ni msimamizi, amejengwa kwa makatazo ya wazazi, anakugombeza hata ukiwa peke yako chumbani. Wa tatu, maskini, yuko katikati. Anawasuluhisha hao wawili huku akichungulia nje aone dunia inaruhusu nini. Na sehemu kubwa ya ugomvi wao hutokea gizani, mwenyewe huna habari.

Nilibaki na kisu hewani. Miaka yote nimedhani naishi humu ndani peke yangu, kumbe ni nyumba ya kupanga. Aliyewaza haya alikuwa na kichwa.

Kisha akaja kwenye utoto. Mtoto mchanga dunia yake yote ni mdomo. Baadaye inakuwa choo: kubana na kuachia. Hatua isiyopita salama humwachia mtu mabaki hata ukubwani. Akifika umri wa Jenerali, anampenda mama kupita kiasi na baba anakuwa mpinzani. Mwisho anaona baba hashindiki, basi anaamua afadhali afanane naye.

Shemeji alisisitiza kwamba wataalamu wenyewe wanabishana, na siku hizi wengi hawayakubali yote. Hapo sikusikia vizuri. Nilikuwa bado kwenye "baba hashindiki".

Jumatatu, 4 Machi

Mpango ni rahisi. Jenerali anione nisivyoshindika.

Baada ya kazi nilimwita aje atazame baba anavyohamisha kabati la chumbani kwenda sebuleni, peke yake, bila msaada. Nililikumbatia. Lilisogea vizuri sana mpaka mlangoni. Hapo likakataa kwenda mbele, likakataa na kurudi nyuma. Kabati mlangoni, mimi chumbani, familia sebuleni.

Jenerali aliuliza kupitia upenyo kama sasa nitaishi humo. Nilimjibu kwamba baba anapumzika. Akamwambia mama yake kwamba chakula cha baba atakila yeye.

Aliyenitoa ni jirani yetu seremala. Aling'oa bawaba za mlango, akavuta kabati kwa mkono mmoja. Jenerali alimtazama kwa macho ya mapenzi makubwa. Kesho nabadilisha mbinu.

Jumanne, 5 Machi

Nimekumbuka somo la mdomo. Lazima Jenerali ana mabaki ya hatua ile. Nikapanga biskuti kwenye sahani, nikaiweka kwenye kiti cha mbali kabisa, karibu na dirisha. Hesabu yangu: mtoto aende kwenye biskuti, baba aende kwenye kochi.

Alienda. Akabeba sahani. Akairudisha kochini na kumlisha mama yake biskuti moja moja, akimfuta makombo kwa kiganja. Mke wangu alimwangalia kwa jicho ambalo sijaangaliwa nalo tangu harusi. Yaani nimemwandalia mpinzani wangu karamu.

Nikamlalamikia shemeji kwamba yule wa kwanza, mwenye kutaka sasa hivi, anatawala nyumba hii. Akaniuliza nadhani amekaa ndani ya nani. Nikamjibu, ndani ya Jenerali, nani mwingine? Akaomba chumvi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya, ingawa kielimu imenifaa.

Mwenye duka hawezi kupita karibu na mto wa kochi bila kuunyoosha. Tena hatupi kitu hata kikivunjika. Stoo imejaa viti vya miguu mitatu. Leo, mbele ya wateja waliokuwa wakichagua kitanda, nilimweleza kwa upole kwamba huenda utotoni alizoeshwa choo kwa ukali mno, ndiyo maana mpaka leo anabana tu, haachii.

Mteja mmoja alikohoa.

"Umesema nini kuhusu choo changu?" mwenye duka aliuliza, polepole.

Nikarudia, safari hii kwa ufafanuzi.

Alinyoosha mto. Akaniangalia. Akaunyoosha tena. Nadharia ilikuwa imethibitika pale pale, ila sikuwa na wa kumwambia. Nimehamishiwa stoo, nipange mito kwa rangi mpaka nitakapoitwa.

Shemeji aliposikia alishika kichwa. Akasema elimu hii si jiwe la kurushia watu. Mchambuzi husikiliza kwanza, husikiliza sana, na mtu awe amekuja mwenyewe. Alisema vizuri mno. Nikampongeza. Akashika kichwa tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nilirudi kutoka stoo na vumbi mpaka kwenye nyusi, bila mpango wowote. Mke wangu alikuwa mlangoni na shemeji. Akaweka kidole mdomoni, akaniashiria nichungulie.

Jenerali alikuwa sebuleni peke yake. Amevaa viatu vyangu, cha kulia kushoto. Shati langu linafagia sakafu. Amepanga mito mstari mmoja, anasafisha koo kama ninavyosafisha mimi, anamwambia dubu wake wa kitambaa, "Usiguse, baba, hiyo ya moto. Njoo huku nilipo."

Kisha akakiona kibakuli cha sukari mezani. Mkono ukaenda. Ukasimama. Akajiambia mwenyewe, kwa sauti yangu hasa, "Usiguse, baba."

Shemeji akaninong'oneza, "Unaona, shem? Ndiyo huyo msimamizi anazaliwa. Amechukua sauti yako."

Sikuwahi kuisikia sauti yangu kutoka nje. Ilikuwa na upole kuliko nilivyodhani. Vumbi la stoo liliniingia machoni, na mke wangu akanishika mkono.

Jenerali akatazama kulia, akatazama kushoto, akachovya kidole kimoja tu, akalamba. Yule wa katikati naye alikuwa ameanza kazi.

Aliponiona hakushtuka. Alinivuta mpaka kwenye kochi, akaketi pembeni yangu, akakunja nne.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi. Nimerudi kochini.

Sasa Jenerali haniachi. Anakaa nami, anakohoa nikikohoa, na mama yake akisogea anaambiwa hapa ni pa wanaume. Mke wangu kahamia kiti cha dirishani, kanyoosha miguu, anasema hajapumzika hivi tangu ajifungue. Kwa hiyo nina kochi, ila mke yuko ng'ambo ya chumba.

Shemeji amerudi chuoni asubuhi. Nilimwambia kwa moyo wangu wote kwamba atakuwa mtaalamu mkubwa, na kwamba amenipa macho mapya. Alifurahi. Akanisihi nadharia niiache kwanza, niishi tu na mwanangu. Nilimwahidi, tena kwa dhati.

Mchana mke wangu kaniarifu kwamba mama yao anakuja kesho kukaa nasi kidogo. Ameniomba nimpokee mama mkwe kwa adabu na nisiongee mengi. Asiwe na wasiwasi. Ila nimekumbuka kwamba mama mkwe hushinda na kijiti cha meno mdomoni, asubuhi mpaka jioni. Jambo hilo halikuanza jana.

Nitamkaribisha vizuri, nimpe kiti kizuri na chai. Kisha nitamuuliza, kwa heshima zote, aliachishwa ziwa akiwa na umri gani.